Wasomaji Wanauliza: Jina la Nchi Hujengwaje Ughaibuni?

Maswali ya safari hii yote yanagusa jambo moja: namna serikali inavyojenga, inavyolinda au inavyoharibu taswira ya nchi yake machoni pa watu wa nje. Tumeyafupisha. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa kuwa maswali nayo hayalingani kwa uzito.

SWALI: Kila waziri anapohutubia nasikia "diplomasia ya umma". Inatofautianaje na diplomasia tuliyoizoea, na kwa nini isiitwe propaganda tu? (Mwanafunzi wa uhusiano wa kimataifa)

JIBU: Katika diplomasia tuliyoizoea, serikali huzungumza na serikali: balozi hupeleka ujumbe wizarani, wajumbe hukaa faraghani, mkataba husainiwa. Katika diplomasia ya umma, serikali huzungumza na wananchi wa nchi nyingine: wanafunzi, wahariri, wafanyabiashara, viongozi wa dini, wasanii. Lengo ni kwamba siku serikali yao itakapotaka kuamua jambo linalokuhusu, pasiwe na umma unaokuchukia au usiokujua kabisa. Jina hilo lilipata maana yake ya sasa mwaka 1965 kupitia Edmund Gullion, mwanadiplomasia wa Marekani aliyekuwa akiongoza shule ya Fletcher katika Chuo Kikuu cha Tufts. Kazi yenyewe ni kongwe zaidi. Alliance française, inayoeneza lugha na utamaduni wa Kifaransa, ilianzishwa Paris mwaka 1883, na British Council, inayofanya kazi hiyo kwa Uingereza, mwaka 1934.

Mwanahistoria Nicholas Cull huigawa kazi hii katika mafungu matano: kusikiliza, kutetea sera, utamaduni, mabadilishano ya watu, na utangazaji wa kimataifa. Mgawanyo huu unafaa kwa sababu unaonyesha kwamba kila fungu lina mwendo wake. Kutetea sera huenda kwa siku na wiki. Utamaduni huenda kwa miaka. Mwanafunzi uliyemsomesha leo huenda asikufae hadi miaka ishirini ipite. Ukiyaweka yote mikononi mwa msemaji anayetakiwa kuonyesha matokeo Ijumaa, bajeti ya masomo itageuka bajeti ya matangazo kabla mwaka haujaisha.

Ama propaganda, sisi tunaona mpaka upo kwenye lile fungu la kwanza. Propaganda husema na haitaki kujibiwa. Diplomasia ya umma inayofanywa ipasavyo hurudisha habari nyumbani, na mara nyingine hubadilisha sera. Ukitaka kuipima wizara yoyote, uliza ni lini mara ya mwisho taarifa ya ubalozi kuhusu maoni ya watu wa nje ilisababisha uamuzi fulani uahirishwe au urekebishwe. Edward R. Murrow, aliyeanza kuongoza shirika la Marekani la habari kwa nchi za nje mwaka 1961, alidai awepo sera inapopangwa, badala ya kuitwa mambo yakishaharibika. Dai hilo bado halijatimizwa katika serikali nyingi.

SWALI: Nimeteuliwa mwambata wa habari katika ubalozi wenye watumishi wachache. Tuko wawili, fedha ni kidogo, na balozi anataka taswira ya nchi "ing'are" ndani ya mwaka mmoja. Nianzie wapi? (Ofisa mpya)

JIBU: Miezi mitatu ya mwanzo usizindue chochote.

Mwezi wa kwanza ni wa kusoma na kusikiliza. Chagua vyombo vitano vya nchi uliyopo, katika lugha ya wenyeji, na uvipitie kila asubuhi. Fungua jedwali la safu tano: tarehe, chombo, mada, mwelekeo wa habari, na nani amenukuliwa. Usiipuuze safu ya mwisho. Baada ya wiki nne utagundua kwamba nchi yako, kila inapotajwa, huelezwa na watu walewale watatu au wanne: mhadhiri fulani, mwandishi fulani, mkuu wa shirika fulani la hisani. Hao ndio wanaoishika taswira yako, na huenda hakuna hata mmoja aliyewahi kupigiwa simu na ubalozi. Jedwali pia litakuonyesha kama shida yenu ni sifa mbaya au ni kutojulikana. Nchi nyingi hudhani zinachukiwa kumbe hazifahamiki tu. Dawa za hayo mawili ni tofauti: anayechukiwa anahitaji kubadili jambo fulani au kulijibia, asiyejulikana anahitaji kuonekana mara kwa mara mahali pamoja.

Mwezi wa pili, andika orodha ya watu. Majina sitini yanatosha. Weka wahariri, wahadhiri, viongozi wa vyama vya wafanyabiashara, waandaaji wa matamasha, waliowahi kusoma kwenu, na viongozi wa diaspora yenu. Onana na kila mmoja ana kwa ana, nusu saa, ukiwa na maswali mawili: watu wa hapa wanaifikiriaje nchi yangu, na ni kitu gani unachokihitaji kwetu na unakikosa kila siku? Majibu ya swali la pili huwa madogo kuliko unavyotarajia. Mwandishi anataka namba itakayopokelewa saa tatu usiku. Mfanyabiashara anataka masharti ya leseni yaliyoandikwa kwa lugha yake. Mhadhiri anataka mtaalamu wa kuzungumza darasani kwa njia ya video. Yatimize hayo kabla hujaomba lolote, maana ofisa anayejitambulisha kwa kuomba habari nzuri iandikwe hapokelewi simu mara ya pili.

Mwezi wa tatu ndipo uchague kundi moja na lengo moja linalohesabika. Agizo la "taswira ing'are" halitekelezeki, kwa kuwa hakuna atakayejua limetimia lini. "Kabla ya Desemba, vyuo vikuu vitatu viwe na mhadhara wa kila muhula kuhusu nchi yetu" linatekelezeka. Mpelekee balozi malengo mawili au matatu ya aina hiyo achague. Wengi hufurahi kupewa kitu cha kushika.

Kuna mambo mengine ambayo hayamo katika mafunzo ya maofisa wengi. Dirisha la viza hukutana na wananchi wengi kwa wiki moja kuliko utakaokutana nao wewe kwa mwaka. Kaa pale asubuhi moja na daftari, uhesabu maswali yanayojirudia. Kwa kawaida maswali kumi hubeba sehemu kubwa ya foleni: picha ya ukubwa gani, malipo kwa njia ipi, majibu baada ya siku ngapi, pasipoti inabaki au inarudi. Yaandikie majibu kwa lugha ya wenyeji, yabandike mlangoni kwa herufi za kusomeka, uyaweke pia kwenye tovuti. Kisha piga namba ya ubalozi ukiwa nje, kwa simu isiyojulikana, uone kama inapokelewa. Marekebisho hayo hayagharimu kitu, na hakuna tamasha litakaloyafidia yasipofanyika.

Sherehe ya siku ya taifa nayo hula fedha nyingi, ilhali wageni wake ni mabalozi wenzenu ambao tayari wanawajua. Ifanyike, lakini nusu ya kadi ziende kwa wale sitini.

Kwenye mitandao ya kijamii, picha za balozi akipeana mikono hazimsaidii mtu. Jibu maswali, siku hiyohiyo. Ili uweze, pata mapema kibali cha maandishi kutoka wizarani kinachoeleza mada unazoruhusiwa kuzijibu bila kuuliza. Bila kibali hicho kila jibu litangoja siku mbili, na baada ya siku mbili mjadala umeshahamia kwingine. Sweden ilithubutu zaidi: tangu mwishoni mwa 2011 hadi 2018 akaunti yake rasmi ya Twitter ilikabidhiwa raia tofauti kila wiki. Wapo walioandika mambo ya kuudhi na kuzua lawama. Akaunti iliendelea, na watu waliona kwamba taifa hilo linawaamini raia wake, jambo ambalo msemaji hawezi kulionyesha kwa kulitamka.

Mwisho, wewe utahamishwa baada ya miaka mitatu au minne. Orodha ikiondoka ndani ya simu yako, mrithi ataanza upya. Iweke kwenye jalada la ofisi, na kabla hujafunga mizigo mtambulishe mrithi wako, ana kwa ana, kwa watu ishirini angalau.

SWALI: Serikali hulipa mamilioni kwa matangazo kwenye televisheni za kimataifa. Fedha hizo huleta kitu? (Mhasibu)

JIBU: Kwa utalii, huweza kuleta. Mtazamaji anatafuta pa kwenda likizo, tangazo linamwonyesha mahali, na idadi ya wageni inaweza kufuatiliwa. New Zealand imeendesha kampeni yake ya utalii kwa jina lilelile tangu 1999, na kudumu huko ni sehemu ya siri yake. Nchi zinazobadili kaulimbiu kila anapoingia waziri mpya hulipia kuanza upya kila mara.

Kwa kubadili mawazo ya watu juu ya mwenendo wa nchi, matangazo hayafui dafu. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, Marekani ilimkabidhi Charlotte Beers, bingwa wa biashara ya matangazo, wadhifa wa juu wa diplomasia ya umma katika Wizara ya Mambo ya Nje. Mwaka 2002 zikatoka filamu fupi za televisheni zilizoonyesha Waislamu wa Marekani wakiishi kwa amani: mwalimu, mwokaji mikate, mwanafunzi. Kampeni iligharimu takriban dola milioni 15. Vituo vya serikali katika nchi kadhaa vilikataa kuzirusha, kampeni ikasimamishwa, na Beers akaondoka mwaka 2003. Filamu zenyewe hazikuwa na uongo. Tatizo ni kwamba zilijibu swali ambalo watazamaji hawakuwa wameliuliza. Wao walilalamikia sera za Marekani kuhusu Palestina na Iraq, wakaonyeshwa duka la mikate. Mtu anayelalamika akijibiwa jambo jingine huona amedharauliwa.

Hata Simon Anholt, ambaye ndiye aliyeeneza wazo la nchi kuwa na chapa kama bidhaa katika miaka ya 1990, amekuwa akizieleza serikali kwa miaka mingi kwamba sifa ya nchi hainunuliki kwa matangazo.

Mfano tunaoupenda zaidi ni wa barabara. Mwaka 1961 Marekani ilikuwa ikishindana na Urusi ya Kisovieti kupata marafiki katika nchi mpya za Afrika, na ofisi zake za habari zilisambaza majarida na filamu za uhuru na usawa. Wakati huohuo, mabalozi wa nchi hizohizo walisafiri kwa gari kati ya New York na Washington kupitia Barabara ya 40 katika jimbo la Maryland, ambako migahawa mingi haikuhudumia watu weusi. Adam Malick Sow, balozi wa Chad, alinyimwa kahawa akiwa njiani kwenda kukabidhi hati zake za utambulisho kwa Rais Kennedy. Hakuna jarida lililoweza kulizungumzia hilo likaaminika. Wizara ya Mambo ya Nje ikamtuma Pedro Sanjuan na kikosi kidogo cha itifaki kwenda kuongea na wenye migahawa, kisha kuunga mkono sheria ya jimbo dhidi ya ubaguzi katika huduma, iliyopitishwa mwaka 1963. Kushawishi wabunge wa jimbo si kazi ya kawaida ya maofisa wa mambo ya nje. Walielewa kwamba tatizo lao la nje lilikuwa linakaa ndani, wakalifuata hukohuko.

Miaka minne kabla yake, mwanamuziki mweusi wa jazz Louis Armstrong, ambaye serikali ya Marekani ilitaka kumpeleka Urusi ya Kisovieti kama balozi wa muziki, aligoma kwenda kwa sababu ya watoto weusi waliozuiwa kuingia shuleni katika mji wa Little Rock, Marekani, mwaka 1957.

SWALI: Kisheria, ubalozi unaruhusiwa kuzungumza moja kwa moja na raia wa nchi mwenyeji? (Wakili kijana)

JIBU: Ndiyo, kwa mipaka. Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia, kifungu cha 3, unautaja ujenzi wa urafiki na wa uhusiano wa kiuchumi, kiutamaduni na kisayansi kuwa kazi halali ya ubalozi. Kifungu cha 41 kinawataka wanadiplomasia waheshimu sheria za nchi mwenyeji na wasiingilie mambo yake ya ndani. Kufadhili maktaba, mihadhara au tamasha ni salama. Kufadhili chama cha siasa au kumnadi mgombea kutamfukuzisha ofisa wenu. Angalieni pia sheria za mawakala: Marekani, kwa mfano, tangu 1938 inamtaka anayefanya kazi ya ushawishi kwa niaba ya serikali ya kigeni ajisajili na kutangaza malipo yake. Mkikodi kampuni ya mahusiano ya umma huko, chukulieni kwamba mkataba wenu utasomwa na waandishi wa habari, kisha muuandike mkijua hivyo.

SWALI: Tunatoa nafasi za masomo kwa vijana wa nchi za nje kila mwaka. Wanahitimu, wanaondoka, hatuwasikii tena. Tunakosea wapi? (Ofisa wa wizara ya elimu)

JIBU: Mnakosea siku ya kuagana. Mpango wa masomo wa Marekani wa Fulbright ulioanza 1946 na ule wa Japani wa mwaka 1987, unaoleta vijana wa kigeni kusaidia kufundisha lugha mashuleni, una jambo moja linalofanana: kurudi kwa mshiriki hakuufungi uhusiano wake na mpango.

Anzeni na anwani. Andikisheni barua pepe binafsi na namba ya ndugu wa karibu, kwa sababu anwani ya chuo hufa mara mtu anapohitimu. Waiteni kwenye mkutano ndani ya miezi mitatu baada ya kurudi, wakati bado mguu mmoja uko kwao na mwingine kwenu. Waundieni chama wanachokiongoza wenyewe, chenye mfuko mdogo wa kugharimia miradi yao midogo. Ajirini mtu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu, na daftari lake lihakikiwe kila mwaka: nani kahama, nani kapanda cheo, nani kafariki.

Mengine huharibika mapema zaidi. Nafasi zikigawiwa kwa watoto wa wakubwa, mmenunua kinyongo cha waliokosa. Viza ikichelewa hadi muhula uanze, kijana anaanza na kovu. Wanafunzi wakiwekwa bweni moja la wageni watupu, watarudi wakijuana wao kwa wao. Safari ya wiki mbili nayo, tukubali, ni utalii uliolipiwa na mlipa kodi. Mtu anahitaji muda wa kuugua, kukosana na mwenye nyumba na kupatana naye.

Na hapo ndipo pa kuangalia zaidi. Mwanafunzi aliyetukanwa mtaani au aliyesumbuliwa na polisi asipate wa kumpigia simu, atalisimulia hilo kwa miaka arobaini, na atasimulia akiwa mhariri, hakimu au waziri. Wekeni namba inayopokelewa usiku na mtu mwenye mamlaka ya kwenda kituoni. Msitarajie warudi wakiwasifu tu. Anayeyasema mazuri na mabaya ndiye anayeaminika nyumbani kwao.

SWALI: Kwa nini vituo vya Confucius vya lugha ya Kichina vilifungwa katika vyuo vingi wakati Goethe-Institut ya Ujerumani haina kelele? (Mwalimu wa lugha)

JIBU: Sababu kubwa ni mahali vilipowekwa. Confucius, vilivyoanza 2004 na cha kwanza kikiwa Seoul, viliwekwa ndani ya vyuo vikuu vya wenyeji kwa mkataba wa pamoja: walimu na fedha kutoka China, madarasa ya chuo. Hapo wahadhiri wakaanza kuuliza nani mwenye kauli juu ya mada kama Tibet na Taiwan. Chuo Kikuu cha Chicago kilijiondoa 2014, na vingi vya Marekani vikafuata, baada ya serikali yao kubana fedha. Goethe-Institut, ya tangu 1951, ina majengo yake nje ya vyuo. Alliance française kwa kawaida ni vyama vya wenyeji, vinavyosajiliwa kwa sheria ya nchi husika na kuwa na bodi ya wenyeji. Mtu anajua anaingia nyumba ya nani na anatoka wakati wowote.

Kwa wanaofikiria kukipeleka Kiswahili nje kwa mtindo huo, jukwaa lipo: UNESCO iliitenga Julai 7 kuwa siku ya lugha hii mwaka 2021, na Umoja wa Afrika uliifanya lugha yake ya kazi mwaka 2022. Ila mwanafunzi wa kigeni hudumu darasani kwa mambo matatu: kitabu kimoja chenye ngazi zinazofuatana, mwalimu anayelipwa kwa wakati, na mtihani ambao cheti chake kinatambuliwa na mwajiri au chuo. Likikosekana lolote kati ya hayo, darasa litakuwa tupu muhula wa pili.

SWALI: Likitokea jambo la aibu kubwa, serikali ifanye nini kwanza? (Mhariri wa redio)

JIBU: Ikutane na waliokasirika. Tunasema hivyo kwa sababu ya Denmark. Tarehe 30 Septemba 2005 gazeti la Jyllands-Posten lilichapisha vikaragosi vya Mtume Muhammad. Mwezi Oktoba mabalozi 11 waliomba kwa barua kukutana na Waziri Mkuu Anders Fogh Rasmussen. Alikataa, akieleza kwamba serikali haina mamlaka juu ya magazeti. Kwa sheria za Denmark alikuwa sahihi, na angeweza kuwaeleza hivyohivyo ana kwa ana. Kukataa kuonana nao kukawa habari ya pili, nzito kuliko ya kwanza. Januari 2006 maziwa na jibini za Arla, kampuni ya Denmark, zilikuwa zikiondolewa madukani Saudi Arabia, na Februari majengo ya uwakilishi wa Denmark yakachomwa Damascus na Beirut. Kati ya barua na moto ilipita miezi karibu minne ambayo ingetosha vikao vingi.

Kwa utendaji: ndani ya saa ya kwanza toeni taarifa fupi inayosema kinachojulikana, kisichojulikana, na saa ya taarifa ijayo. Waathirika watajwe kabla ya heshima ya nchi. Ndani ya saa tatu kila ubalozi uwe na ukurasa mmoja wa maswali na majibu, na nakala iwe kwa mpokea simu na mlinzi pia, maana ndio wanaokutana na kamera kwanza. Taarifa itoke kwa lugha ya wenye hasira siku hiyohiyo. Tafsiri ya kesho ni taarifa ya jana. Mnaposahihisha uongo, kichwa cha habari kibebe ukweli, kwa kuwa kukanusha kwa kuurudia uongo huusambaza.

Kama aibu ni ya kweli, matendo yatangulie, maneno yafuate. Uswisi, ilipoandamwa miaka ya 1990 kwa akaunti za Wayahudi waliouawa na Wanazi zilizobaki katika benki zake, iliunda tume huru ya wanahistoria mwaka 1996, benki zake zikakubali kulipa dola bilioni 1.25 mwaka 1998, na chombo cha kusimamia taswira ya nchi kikaundwa kwa sheria ya mwaka 2000. Mpangilio huo ungegeuzwa, chombo hicho kingezaliwa kikiwa kichekesho.

SWALI: Kuandaa mashindano makubwa ya michezo kunasaidia? (Shabiki wa soka)

JIBU: Kunavuta macho, na macho hayachagui cha kutazama. Qatar ilipata heshima ya Kombe la Dunia 2022, na ikapata pia miaka kumi na zaidi ya uchunguzi juu ya wafanyakazi wa kigeni waliojenga viwanja. Baadhi ya sheria za kazi zilibadilishwa kwa shinikizo hilo. Nchi inayotaka kuandaa ijiulize waandishi elfu kadhaa watakuta nini wakitembea hatua chache nje ya uwanja, na irekebishe hayo kabla ya kuomba uenyeji.

SWALI: Tunajuaje kama kazi imezaa matunda? Bosi wangu anahesabu "likes". (Mchambuzi wa takwimu)

JIBU: Tenganisheni vitu vitatu: mlichofanya, waliofikiwa, na kilichobadilika. Idadi ya matukio na ya "likes" inaishia kwenye hivyo viwili vya kwanza. Cha tatu kinahitaji kipimo cha kabla na baada.

Utafiti wa Pew, kituo cha Marekani cha kura za maoni, nchini Indonesia ni somo zuri. Mwaka 2003, vita vya Iraq vikiwa vibichi, walioitazama Marekani kwa wema walikuwa asilimia 15. Mwaka 2005, baada ya manusura wa tsunami ya Desemba 2004 huko Aceh kuona helikopta na meli za Marekani zikileta maji na dawa, wakawa asilimia 38. Hata hivyo mwaka 2002 walikuwa asilimia 61. Ukitazama miaka miwili pekee utasifu msaada; ukitazama mitatu utaona pia uzito wa sera ambao msaada haukuweza kuuondoa wote.

Kwa ofisi isiyo na fedha za kura ya maoni ya kitaifa, yafuatayo yanatosha. Waulizeni wale watu sitini tuliomtajia ofisa mpya hapo juu maswali matano yaleyale kila mwaka, mwezi uleule, na aulize mtu asiye wa ubalozi. Rudieni jedwali la magazeti kwa wiki nne zilezile na mlinganishe nani ananukuliwa sasa. Hesabuni waliopiga simu ubalozini wenyewe kutafuta maelezo kabla ya kuandika. Na msibadilishe maneno ya swali kati ya mwaka na mwaka, wala tafsiri yake. Neno moja likibadilika, ulinganisho umekwisha na mnaanza kuhesabu upya.